Siku Tisa na Futi Kamba: Kutafuta Nyota wa Kikapu Kutoka Mbale hadi Mbarara

Nimerudi nyumbani Nakawa, Kampala, wiki iliyopita, na simulizi hii nimeipanga upya kutoka kwenye daftari langu, karatasi za nauli na picha za simu. Wachezaji nitakaowaeleza ni wanafunzi, na wengi wao hawajatimiza miaka 18, kwa hiyo sitataja majina yao wala shule zao. Miji, barabara na gharama nimeviandika kama vilivyokuwa, ili atakayepita njia hiyo baada yangu asipapase.

Kabla ya kuondoka

Sisi ni walimu na makocha wachache tunaojitolea, na tulikuwa tunaandaa mechi ya nyota ya wanafunzi wa sekondari itakayochezwa Lugogo, jijini Kampala. Timu ni nne, mbili za wavulana na mbili za wasichana, kila moja wachezaji 12, yaani nafasi 48. Tulipokutana mwezi Juni, nafasi 36 zilikuwa zimekwisha kujazwa, na karibu zote zilikwenda kwa shule za Kampala, Wakiso na Mukono, ambazo kila mmoja wetu huziona zikicheza msimu mzima. Zilibaki 12 kwa ajili ya mikoa, na pendekezo lililokuwa mezani ni kwamba tuzijaze kwa kutazama video ambazo walimu walitutumia kwa WhatsApp.

Nililipinga pendekezo hilo. Mwenzetu mmoja alitoa mfano wa Marekani, ambako mechi ya McDonald's All American, ya wachezaji bora wa sekondari, ilianza 1978 kwa wavulana na 2002 kwa wasichana, akasema hata huko watu huchagua wakiwa mbali na mchezaji. Ni kweli, lakini mchezaji wa huko amekwisha kutazamwa na macho mengi, katika viwanja vilivyopimwa, kabla jina lake halijafika mezani. Mimi nilimtaja Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe hapa hapa Kampala, na alikuwa kijana wa miaka kama 13 alipoanza kucheza kikapu. Mwaka 2024 alivaa jezi ya klabu ya City Oilers katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, akaenda Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, na Juni 2025 akachaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya Marekani. Ikiwa mtoto mrefu kiasi kile aliweza kuishi Kawempe, kilomita chache tu kutoka Lugogo, bila mpira wa kikapu kumfikia mapema, yule wa kimo cha kawaida aliyeko Gulu ataonwa na nani?

Nilipewa shilingi 800,000 na siku tisa. Katika begi niliweka mpira namba 7, mpira namba 6, pampu, chaki, daftari, na futi kamba ya chuma ya mita tano. Mke wangu aliniuliza futi ya nini. Nilimjibu kwamba ni ya kupimia wachezaji, na mpaka nafika Mbale niliamini hivyo.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Kampala, Jinja, Mbale

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa matatu ya Jinja, nauli 10,000. Njia ya Mukono ikichelewa kidogo tu, imeshafungwa na malori, kwa hiyo anayetaka kufika Jinja mapema asingoje jua litoke. Katika msitu wa Mabira tulisimama Najjembe, na wauzaji waliovaa aproni zenye namba wakatuzunguka kwa mishikaki ya kuku na ndizi za kuchoma. Nilinunua ndizi mbili. Kuku wa Najjembe ni mtamu, lakini mwombe muuzaji akupe wa motoni, si yule aliyekwisha kupita madirisha ya magari matano.

Jinja nilitazama mazoezi ya asubuhi ya shule moja kwa saa moja na nusu, nikaandika jina moja, msichana mwenye ulinzi wa miguu mepesi ambaye hata kamati ilikuwa imemsikia. Sina zaidi la kueleza, kwa sababu Jinja iko karibu na kipaji cha hapo hakijifichi.

Safari ya Mbale kwa njia ya Tirinyi ilinigharimu 20,000 na subira. Karibu na Namutumba tairi la nyuma lilipasuka, na la akiba likakutwa halina upepo. Dereva alipanda bodaboda kwenda kulijaza, nasi abiria tukakaa kando ya barabara karibu saa mbili. Mama mmoja mwenye nyumba ya karibu alituletea fenesi zima, akalipasua mwenyewe, akatugawia na watoto wakiwa wa kwanza. Nilipotoa pesa alikataa, akanionyesha begi langu, ambalo mpira ulikuwa umelitunisha, akauliza kama mimi ni mchezaji. Nilimweleza kazi niliyoendea. Akasema ana binti katika shule ya kutwa anayepiga netiboli kuliko wavulana, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuja kumtazama. Nililiandika jina la binti huyo nyuma ya daftari, ingawa mchezo wake si wetu, na baadaye nilimpa mwalimu wa netiboli ninayemfahamu.

Mbale niliingia saa moja usiku. Chumba kilikuwa 50,000 pamoja na chai ya asubuhi.

Siku ya pili, Jumanne: Mbale

Video iliyokuwa imezungumzwa zaidi katika kamati ilitoka hapa. Ilimwonyesha kijana akikimbia kutoka katikati ya uwanja, akiruka na kupiga danki, yaani kuushindilia mpira ringini kutoka juu, kwa mikono miwili huku wanafunzi wenzake wakipiga kelele. Wajumbe wawili walikuwa wamekwisha kumpa nafasi kwa danki hiyo peke yake.

Shule iko upande ambao mwamba wa Wanale unaonekana kama ukuta juu ya mji. Mwalimu wa michezo, mtu mpole anayefundisha pia jiografia, alinipokea kwa Kiswahili kizuri akanipeleka uwanjani kabla ya wanafunzi hawajatoka darasani. Niliutazama ubao wa upande wa kusini nikahisi jambo ambalo sikuweza kulitaja. Nikaomba benchi, nikapanda juu yake, nikaishusha futi kutoka kwenye ringi hadi kwenye saruji. Ringi inatakiwa kuwa juu kwa mita 3.05, na hii ilikuwa mita 2.88. Nguzo ilikuwa imeinama mbele mwaka hadi mwaka, kwa sababu kila mvua inakula udongo wa chini yake. Upande wa kaskazini nilipata mita 3.02.

Mwalimu alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe ndiyo sababu wote hupenda kushambulia upande huu."

Sentimita 17 zinaweza kumfanya kijana wa kawaida aonekane mrukaji wa ajabu. Nilimwonea huruma kijana yule kabla sijamwona, kwa kuwa nilijua nitakaporudi Kampala na kipimo hicho, watu watataka kumfuta kama walivyotaka kumchagua, yaani kwa danki. Kwa hiyo nilimtazama kwa makini zaidi kuliko mwingine yeyote siku hiyo. Daftari langu lina safu tatu kwa kila mchezaji: anafanya nini bila mpira, anafanya nini baada ya kukosea, na mkono wake wa kushoto ukoje. Katika safu ya kwanza nilimwandikia mistari minne. Alikuwa akiufuata kwa macho mpira ulioko upande wa pili wa uwanja, na mara mbili alihama hatua moja kabla pasi haijatoka, akamfungulia mwenzake njia. Alipopata mpira mwenyewe, pasi zake zilifika kifuani kwa mwenzake, hata zile za kupita katikati ya watu wawili. Hakuna aliyezirekodi pasi hizo, kwa sababu watazamaji hawazipigii kelele.

Nilimwambia mwalimu, si kijana, kwamba nitampendekeza kama pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi ya timu. Hapa nitoe ushauri kwa yeyote atakayekwenda kutafuta wachezaji: usimwahidi mwanafunzi jambo lolote uwanjani. Zungumza na mwalimu, omba ruhusa ya mkuu wa shule kwa barua yenye mhuri, na uiombe kabla ya kufika, kwa sababu mlinzi wa geti ana haki ya kukuzuia na simu haitasaidia. Kuhusu umri, tulikubaliana kuomba cheti cha kuzaliwa na namba ya mtihani wa darasa la saba, kisha miaka ya karatasi hizo mbili ilinganishwe.

Jioni nilikula malewa, yale machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, pamoja na matoke. Yana harufu ya moshi. Sahani ilikuwa 8,000 na ilinitosha hadi asubuhi.

Siku ya tatu, Jumatano: Soroti

Mbale hadi Soroti nililipa 15,000, na barabara ni nzuri. Baada ya mji wa Kumi tulivuka kinamasi cha Awoja, maji yakimeremeta pande zote mbili, na kando ya njia wanawake wa Teso walikuwa wamepanga machungwa katika mabeseni. Soroti ilikuwa na joto kali hadi saa tisa, kisha mvua ikaanguka kwa nguvu katikati ya mechi ya mazoezi, tukakimbilia darasani.

Mvua hiyo ilinifaa kuliko mechi. Shule ina mpira mmoja wa kikapu, na nilimwona msichana mmoja, mrefu na mkimya, akiufuta kwa sketi yake kwa uangalifu kabla ya kuuweka juu ya dawati, wakati wenzake wakikamua jezi na kucheka. Nilimuuliza mwalimu wake habari zake. Akasema ndiye anayefika wa kwanza na kufagia maji uwanjani. Mvua ilipokatika aliufagia kweli, na katika dakika ishirini zilizobaki za mwanga alidaka mipira iliyorudi kutoka ubaoni kuliko mchezaji yeyote, akitumia makalio na mgongo kumzuia mpinzani kama senta, mchezaji wa chini ya kikapu, aliyefundishwa miaka mingi. Majina mawili, yeye na mvulana mmoja mlenga shabaha, yaliingia daftarini.

Siku ya nne, Alhamisi: Soroti, Lira, Gulu

Siku ya mabasi. Lira nilikuta shule mbili nilizozikusudia ziko katika mitihani, nikapita. Katika njia panda ya Kamdini nilikula kuku wa kuchoma na mihogo, nikafika Gulu jioni nikiwa na vumbi masikioni. Soroti hadi Lira ni 15,000, na Lira hadi Gulu 20,000. Gari dogo huondoka likijaa, si kwa saa, na ukiwa abiria wa kwanza jiandae kuwa pia mtu wa mwisho kupoteza subira.

Siku ya tano, Ijumaa: Gulu

Katika Gulu Kiswahili changu kilipata kazi. Mimi ni mzaliwa wa Malaba, mpakani, ambako lugha hii ndiyo ya sokoni na ya nyumbani, na nilikuwa nimezoea kuona watu wa Kampala wakiikwepa. Hapa mwendesha bodaboda, muuza vocha na mlinzi wa shule wote walinijibu kwa Kiswahili bila kusita, wengine wakiwa wamekipata jeshini au kwa jamaa zao wanajeshi. Mwendesha bodaboda aliyenipeleka shule ya kwanza alikumbuka jinsi timu ya taifa, Silverbacks, ilivyoifunga Nigeria 80 kwa 68 mjini Kigali 2021 na kuingia robo fainali ya Afrobasket, mashindano ya mataifa ya Afrika. Aliisimulia robo ya mwisho akiachia usukani mkono mmoja, hadi nikamwomba tusimame kwanza ndipo amalize.

Katika shule hiyo walikuwapo vijana watatu kutoka Sudan Kusini, warefu wote, na tangu timu ya nchi yao ilipoifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika Olimpiki ya Paris 2024, mwalimu alisema, hawahitaji kuamshwa kwa mazoezi. Niliwaandika wawili kati yao. Wa tatu ndiye mrefu zaidi, na mwalimu alishangaa kwamba nilimwacha. Alipopoteza mpira alisimama akimtazama refa, mara tatu katika robo moja. Nilimwambia mwalimu sababu waziwazi, na nikaomba amwambie kijana pia, kwa kuwa hilo linarekebishika na mwakani bado atakuwa shuleni.

Mchana nilikwenda shule ya wasichana iliyoko nje kidogo ya mji. Sikuwa na video kutoka hapo. Mwalimu wao alikuwa ameandika ujumbe mfupi tu: "Njoo utazame mmoja."

Uwanja ni saruji iliyopasuka, ubao ni wa mbao, na ringi moja tu ina wavu. Niliipima: mita 3.04. Msichana mwenyewe alikuwa na kimo cha kawaida, mita 1.67 nilipomsimamisha ukutani, na namba 9 iliyochorwa kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa fulana ya njano. Viatu vyake vya turubai vilikuwa vimefunguka mbele, akavivua baada ya dakika tano akaendelea peku.

Dakika kumi za kwanza alinikatisha tamaa. Mitupo yake ya mbali iligonga mbele ya ringi au haikufika kabisa. Lakini safu ya pili ya daftari ilijaa. Kila alipokosa, alikuwa amekwisha kurudi nyuma, amesimama kati ya mpinzani na kikapu, mkono mmoja juu, akiwaita wenzake kwa majina kila mmoja kwenye nafasi yake. Alipoporwa mpira katikati ya uwanja hakunyoosha mkono kuunyang'anya tena, bali alikimbia, akampita mporaji, akageuka na kumngoja. Msichana mwingine wa umri wake angefanya fauli hapo.

Giza lilipoingia niliushika mpira wao nikausoma. Ulikuwa namba 7, mpira wa wanaume, na ndio pekee walio nao. Namba 6, wanaoutumia wanawake, ni mwepesi kwa gramu zipatazo 70 na mduara wake ni mdogo kwa sentimita tatu au nne hivi. Msichana yule alikuwa amejifunza kutupa kwa mpira usio wake. Nilimwomba mwalimu nirudi kesho yake asubuhi.

Siku ya sita, Jumamosi: Gulu

Asubuhi nilimpa mpira namba 6. Mtupo wa kwanza ulipita juu ya ubao kabisa, wa pili pia, na wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Wa tatu uligonga nyuma ya ringi. Akanijia akasema, "Kocha, naomba niushike kidogo kwanza." Akaugeuza mikononi akitafuta mishono kwa ncha za vidole, akaupima uzito kwa kuurusha na kuudaka bila kuutazama. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kutoka pale alipokuwa amesimama, akatupa. Wavu ulilia. Nilihesabu mitupo 20 iliyofuata, na 12 iliingia, mingi ikitoka nyuma ya mstari wa pointi tatu, wa mita 6.75, ambao nilikuwa nimeuchora mwenyewe kwa chaki.

Nimekaa katika viwanja vya kikapu zaidi ya nusu ya umri wangu, na sidhani nimewahi kuona mtu akijirekebisha haraka namna hiyo. Kama angetumiwa kwetu kwa video ya Ijumaa, tungemwita mlenga shabaha dhaifu tukaendelea na mwingine.

Mwalimu wake alisema idhini ya mtoto huyu haiko shuleni, iko kwa bibi yake, tukaenda huko kwa bodaboda, 5,000 kwenda na kurudi. Bibi alikuwa anaanika mtama. Alinijibu salamu kwa Kiswahili cha kambini, kwani aliishi Jinja miaka mingi na marehemu mumewe aliyekuwa askari. Hakutaka tuzungumze kabla ya kula. Tulipewa malakwang, mboga ile chachu iliyoungwa kwa karanga, na viazi vitamu, na nilikula hadi akaridhika.

Nikaeleza habari ya mechi. Nilitaja Lugogo, makocha watakaokuja, nafasi za masomo ambazo huweza kupatikana kwa mchezaji mzuri. Nilimtaja Jane Asinde, aliyetoka Uganda akacheza hadi Chuo Kikuu cha Texas El Paso. Bibi alisikiliza yote akiwa anatoa mawe katika mtama.

"Mwalimu," akasema, "kumchukua mtoto mnajua wote. Mimi nataka kujua nani atamrudisha."

Sikuwa na jibu. Bajeti yetu ilikuwa na nauli ya mchezaji mmoja mmoja, kwenda na kurudi, na tulikuwa tumedhani msichana wa miaka 16 atapanda basi peke yake kutoka Gulu hadi Kampala, zaidi ya kilomita 300, na kufika kituoni usiku. Nilimwambia bibi kwamba swali lake ni sahihi na kwamba sitalijibu kwa maneno matupu. Nilimpigia mwenyekiti wetu mbele yake, nikaiweka simu sauti juu. Baada ya mabishano mafupi tulikubaliana kwamba kila mchezaji wa mikoani atasafiri na mwalimu wa shule yake, wa kike kwa wasichana, na nauli ya mwalimu italipwa. Bibi aliomba niandike kwenye karatasi siku, saa ya basi na jina la mwalimu. Niliandika, akaikunja akaifunga katika ncha ya kitambaa chake cha kiunoni.

Kwa wanaoandaa mashindano kama haya: hesabuni nauli mbili kwa kila mtoto tangu mwanzo. Gulu hadi Kampala nililipa 40,000, kwa hiyo mtoto na mwalimu, kwenda na kurudi, ni 160,000 kabla ya chakula na malazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nafasi 36 zilijaa upesi kutoka karibu na Kampala.

Siku ya saba, Jumapili: Gulu hadi nyumbani

Nilisafiri tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Daraja la Karuma lilikuwa na nyani wake kama kawaida, na maji ya Nile chini yake yalikuwa meupe kwa povu. Fungeni madirisha mkiwa na ndizi.

Siku ya nane na ya tisa: Mbarara

Nauli 30,000, kilomita zipatazo 270. Basi halikusimama Ikweta pale Kayabwe, lakini lilisimama Lukaya, ambako nyama ya kuchoma hupandishwa hadi madirishani.

Mbarara nilifika na futi yangu mkononi kama fundi seremala. Shuleni palikuwa na mvulana ambaye video yake ilionyesha mitupo saba ya pointi tatu mfululizo. Ringi ilikuwa sawa na mpira ulikuwa sawa. Nikapima mstari, nikapata mita 6.25. Huo ndio mstari wa zamani, uliotumika hadi FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilipousogeza hadi mita 6.75 mwaka 2010, na shule haikuwa na sababu ya kupaka rangi upya uwanja wote kwa ajili ya nusu mita. Nilichora mstari mpya kwa chaki nikamwomba arudi nyuma. Aliingiza mitatu kati ya kumi. Akaomba tena, akaingiza minne. Tulikaa hapo hadi chakula cha jioni kikapigiwa kengele, naye hakuwa amefika mitano. Nilimwandika hata hivyo, na nikaeleza kwa nini: mkono wake ni safi, ila miguu haijazoea umbali, na siku 18 zilizobaki zinatosha kuizoeza akianza kesho. Mwalimu aliomba nimwachie chaki yote. Nilimwachia.

Wasichana watatu wa shule nyingine waliingia orodhani asubuhi iliyofuata bila ubishi wowote. Nilikunywa bilauri mbili za maziwa, nikala karo, ugali wa ulezi, na eshabwe, mchuzi wa samli, nikapanda basi la mchana.

Baada ya safari

Nilirudisha shilingi 14,000 na majina 11. Nafasi ya 12 nimeiacha wazi kwa ajili ya Arua, ambako sikufika, na mwenzetu anayekwenda kuona wazazi wake huko amechukua futi yangu. Alhamisi kamati ilikaa hadi usiku. Kijana wa Mbale alipigiwa kura baada ya mimi kusoma mistari yote minne ya safu ya kwanza kwa sauti, akapita kwa kura moja. Msichana wa Gulu hakupigiwa kura, kwa sababu nilipomaliza kueleza habari ya mpira namba 6, mjumbe aliyekuwa akipinga safari yangu aliuliza tu anavaa kiatu namba ngapi.

Ijumaa mimi na mjumbe huyo tulikwenda Owino, soko la Mtakatifu Balikuddembe, tukapita vichochoro vya viatu vya mtumba kuanzia saa mbili hadi saa tano. Namba 40 ya kikapu iliyo imara haikupatikana. Tulichukua namba 41, nyeupe, soli nzima, tukazungumza bei kutoka 90,000 hadi 65,000, tukachangia wote. Niliviweka katika boksi pamoja na mpira wangu namba 6 ulioondolewa upepo na pampu, nikaliandika jina la mwalimu na namba yake ya simu pande mbili, nikalipeleka kwenye basi la usiku la Gulu, mzigo 10,000.

Jumamosi saa nne asubuhi mwalimu alipiga simu. Boksi limefika, akasema, na viatu vinamtosha akivaa soksi mbili.